Equinox 800 kwa Mtafutaji wa Vito vya Zamani: Uchambuzi

Watazamaji wapendwa, karibuni. Kifaa mnachokiona hapa mezani ni Equinox 800, kigunduzi cha metali cha kampuni ya Minelab ya Australia, kilichoingia sokoni mwaka 2018. Leo nakichambua kwa kazi moja tu, nayo ni kutafuta vito vya zamani na vitu vya ukumbusho vilivyopotea ardhini: pete za ndoa, vidani, bangili, hereni, medali na saa za mfukoni. Sarafu tutaziacha kando kwa makusudi, kwa sababu kifaa kinachosifiwa kwa sarafu si lazima kikufae kwa pete, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotezwa na matangazo.

Tuanze na namna kinavyofanya kazi, maana bila hilo maelezo mengine yataelea hewani. Ndani ya sahani hii ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 28 mna nyaya zilizosukwa, ambazo wenyewe tunaziita koili. Sehemu moja ya koili hutuma uga wa sumaku ardhini. Uga huo ukikuta metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo mikondo hiyo hutoa uga wake hafifu ambao sehemu ya pili ya koili huupokea. Kifaa hulinganisha kilichotumwa na kilichorudi, kisha hukadiria ni metali ya aina gani na kuionyesha kwa nambari. Katika Equinox 800 nambari hizo huanzia -9 hadi 40: chuma hukaa chini ya sifuri au kwenye sifuri yenyewe, na fedha nene hupanda juu kabisa.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili ndilo lililonifanya niandae video hii. Dhahabu haina nambari yake peke yake. Pete nyembamba ya dhahabu husomeka mahali pale pale inaposomeka karatasi ya alumini ya kufungia chakula, na pete nene zaidi husomeka kama kile kipete cha kufungulia kopo la soda. Dhahabu nyeupe na platini hushuka chini zaidi ya dhahabu ya njano ya ukubwa ule ule. Kwa hiyo mtu anayewasha kifaa, akachoshwa na takataka, kisha akazima nambari zote za alumini ili apate utulivu, amezima pete za watu wote waliowahi kupita mahali hapo. Ataondoka na mfuko wa sarafu, na pete itabaki sentimita 10 chini ya kiatu chake.

Ndiyo maana kwangu kipimo cha kwanza cha kigunduzi cha vito ni sauti yake, na kioo kinafuata baadaye. Hapa Equinox 800 inanipendeza sana. Inakuruhusu kuchagua sauti 1, 2, 5 au 50. Ukichagua 50, kila nambari inapata mlio wake, na baada ya muda sikio huanza kutambua mambo ambayo kioo hakiyasemi. Pete nzima, kwa kuwa ni duara lililofungika, huuacha mkondo wa umeme uzunguke bila kukatika, na hutoa mlio mviringo, laini, unaofanana koili ikipita kutoka kushoto na ikirudi kutoka kulia. Kipande cha alumini kilichochanika mara nyingi hutoa mlio wenye kingo, nambari zikirukaruka. Ukipata mlio, zunguka nyuzi 90 upitishe koili tena kwa kukata ule mstari wa kwanza. Ikiwa sauti imebaki ileile na nambari imetulia, chimba. Sisemi kwamba hii ni dawa isiyoshindwa. Vipete vya makopo vilivyo vizima navyo huimba vizuri, nawe utavichimba vingi, tena bila kunung'unika, kwa kuwa ndiyo nauli ya kuifikia dhahabu.

Kuna vito ambavyo kifaa hiki, kama vingine vya aina yake, huvipata kwa shida, na mnunuzi anastahili kuambiwa mapema. Pete iliyokatika husikika kwa udhaifu mkubwa kuliko pete nzima ya uzito ule ule, kwa sababu njia ya mkondo imekatika. Mkufu mwembamba ni mgumu zaidi, maana koili haiuoni kama kitu kimoja kirefu bali kama pingili nyingi ndogo, kila moja ikiwa peke yake. Mara nyingi kinacholia ni kifungio chake tu. Hereni ndogo za kubana zimo katika kundi hilo hilo. Na jiwe la thamani likichomoka kwenye pete yake halitalia kamwe, hata likiwa almasi, kwa kuwa si metali. Kwa vitu hivi vidogo nashauri koili ya sentimita 15 ambayo huuzwa kando. Haifiki kina kirefu kama ile kubwa, lakini hupenya baina ya misumari iliyokutu na kukitenga kitu kimoja na jirani yake. Pandisha pia kile kipimo cha kasi ya kupumua baada ya mlio, yaani jinsi kifaa kinavyowahi kuwa tayari kusikia kitu kinachofuata, ambacho katika modeli hii huenda kutoka 1 hadi 8; kwenye takataka nyingi 6 au 7 huleta tofauti inayosikika mara moja.

Sifa nyingine kubwa ni kutuma masafa mengi, yaani uga unaotetemeka kwa kasi mbalimbali, kwa wakati mmoja. Kifaa cha masafa mamoja kikiwekwa kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi huanza kulia ovyo, maana maji hayo yenyewe hupitisha umeme. Equinox hulinganisha majibu ya masafa tofauti na kuiondoa chumvi katika hesabu, nayo ina mpangilio maalumu wa ufukweni, mmoja kwa mchanga na mwingine kwa ndani ya maji. Kifaa chote kinaweza kuzama hadi mita 3. Mnapolinganisha na vifaa vingine, someni maelezo kwa makini, kwa kuwa vipo ambavyo koili yake tu ndiyo isiyopenya maji huku kisanduku cha vitufe kikiharibika kwa wimbi moja. Anayetafuta baharini tu, kwenye mchanga mweusi wenye madini mengi, anaweza kufikiria kifaa cha mapigo, kinachotuma mkondo, kukatisha, kisha kusikiliza. Hicho hufika chini zaidi hapo, ila kwa kawaida hakikutofautishii chuma na dhahabu.

Uzito ni kilo 1.34, na mkono hauchoki upesi. Kitufe chenye alama ya kiatu cha farasi hufungua metali zote mara moja. Kibonyeze kila unapopata mlio mzuri, ili usikie kama pembeni yake kuna msumari.

Sasa kuhusu kukitoa kitu ardhini. Chimba kwa mbali kidogo, kata udongo kwa duara kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, na ukaribie kwa kigunduzi kidogo cha mkononi badala ya ncha ya chuma. Pete ikionekana, usiifute kwa kidole: chembe za mchanga hukwaruza, na maandishi ya ndani ndiyo yenye thamani kuliko gramu zake. Isuuze kwa maji matupu, kisha itazame ndani chini ya mwanga wa pembeni. Herufi mbili na tarehe ya harusi zimewawezesha wenye pete wengi kupatikana, na kumrejeshea mtu pete yake kunanipa furaha ambayo mnunuzi wa dhahabu hawezi kunilipa.

Ruhusa ya mwenye ardhi hupatikana kabla ya kuwasha kifaa, na maeneo ya mambo ya kale hayaguswi. Mwaka 2019 huko Warwickshire, Uingereza, mtafutaji mwenye kigunduzi alifukua kidani cha dhahabu chenye umbo la moyo na mkufu wa pingili 75, kikiwa na herufi za mfalme wa Uingereza Henry wa Nane na mkewe wa kwanza, Katherine wa Aragon. Sheria ya Hazina ya huko ya mwaka 1996 inataka vitu vya namna hiyo viripotiwe ndani ya siku 14. Someni sheria ya mahali mnapotafuta, kwa sababu nyingine ni kali zaidi na nyingine hukataza kabisa.

Minelab ilitoa Equinox 900 mwaka 2023, yenye nambari kutoka -19 hadi 99 na uwezo wa kuzama mita 5. Nambari nyingi zinasaidia kidogo kutenganisha takataka, lakini haziipi dhahabu mahali pake pa peke yake. Mwenye 800 iliyo nzima sioni sababu ya kuibadilisha kwa ajili ya vito. Anunue koili ndogo na hedifoni nzuri kwanza. Asiye na kifaa chochote, na ambaye anatafuta nchi kavu na ufukweni pia, achague kati ya hizo mbili kwa kina cha maji anachokusudia kuingia.