Ukitafuta P2 (tembe za dharura za kuzuia mimba) Kaptembwo, Nakuru, hii kemisti ndogo ya karibu na steji iko sawa

Wacha nianze na kemisti nyingine ndio muelewe mbona naisifu hii. 2014 nilikua bado mwanafunzi, kondomu ikapasuka, nikaenda duka la dawa huko tao nikaitisha P2 polepole. Jamaa wa kaunta akapaza sauti, "P2? Kwani umeolewa?" Foleni yote ikageuka kuniangalia. Nilitoka bila dawa na nikaogopa kuuliza kwingine hadi siku tatu zikaisha, halafu wiki mbili nangoja hedhi nikilia usiku.

Sasa juzi, mimi mama wa watoto wawili, nikagundua nimepitisha tarehe ya depo, ile sindano ya kupanga uzazi, karibu miezi miwili. Nikaingia hii ya Kaptembwo, leseni ya bodi ya dawa imebandikwa ukutani unaiona ukiingia tu. Daktari ni mama wa makamo, akanisongesha kwa kakona kana pazia akaniuliza maswali ya maana pekee: imetokea lini, hedhi ya mwisho ilikua lini, kuna dawa za TB ama kifafa natumia maanake zingine zinapunguza nguvu ya P2. Mambo ya nani na wapi hakugusa kabisa. Akanipa maji nimeze tembe zote mbili hapo hapo, akasema ni ndani ya masaa 72 lakini usingoje kesho maana ukichelewa ndio inazidi kukosa nguvu, na nikitapika kabla masaa mawili yaishe nirudi. Akanieleza pia kuna koili ya shaba ya kupanga uzazi, hiyo inawekwa hospitali ndani ya siku tano na inazuia mimba kuliko tembe, na P2 haikingi HIV. Nililipa mia mbili.

Nikitoka kwa pazia kuna mama mzee ananiambia pole mwanangu, halafu anauliza, "Daktari, si hizo ndio za kutoa mimba?" Daktari hakumkemea. Akamwambia P2 inachelewesha yai kutoka, mimba ikishashika haifanyi kitu. Huyo mama akanyamaza kidogo, alafu akatuambia dadake alikunywa dawa ya miti 1991, akavuja damu hadi akafa, na nyumbani wakaambiwa waseme ni malaria. Miaka yote hiyo wanasema malaria. "Mimi ni mtu wa kanisa na kutoa mimba bado sikubali," akasema, "lakini huyu msichana wangu nitamleta hapa mwenyewe." Mimi machozi yalinitoka, kwa sababu mamangu hangeweza kusema hivyo mbele ya watu hata siku moja.

(Na wengi bado hudhani sheria yetu imefunga kutoa mimba kabisa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 26(4), inakataza kutoa mimba lakini inaruhusu kama mhudumu wa afya aliyefunzwa ameona kuna dharura ya matibabu ama maisha au afya ya mama iko hatarini. Someni wenyewe.)

Shida niliyoona ni daktari ako peke yake, jioni foleni inafika nje na hapo kwa mlango hakuna siri, watu wanasikia unachoitisha. Na Jumapili wanafungua saa nane mchana. Kwa dawa ya kukimbizana na saa hiyo ni kuchelewa sana, nilimwambia, akasema anatafuta msaidizi.