Eti hili ndilo gita la Mbaraka

Nianze na nyota ninazolipa duka hili, maana najua wengine mnaishia hapo. Nimetoa moja. Nilikusudia mbili, ya kwanza ya gita na ya pili ya kijana wa dukani, lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyomkumbuka mwenye duka. Kijana anisamehe, yake nitampa mkononi.

Duka silitaji jina. Ni la vyombo vya muziki vilivyotumika, huko Kariakoo, spika ziko mlangoni zinapiga kutwa. Nilikuwa natafuta gita la solo, Stratocaster ya kampuni ya Fender yenye umri wake, na kweli nikaikuta imetundikwa ukutani peke yake, nyeusi pembeni, manjano katikati, mgongoni imechubuka pale kichuma cha mkanda wa suruali kinapogusa. Chini yake wamebandika kipande cha manila: FENDER YA MAREKANI 1974, GITA LA MBARAKA MWINSHEHE. Milioni sita. Maelewano yapo.

Sasa mimi ni mtu wa muziki wa dansi. Ukiniandikia ukutani jina la Mbaraka, yule mpiga solo wa Morogoro Jazz, siwezi kupita kama sijaona. Lakini pia nimeshika magita ya watu miaka mingi, na hili hata kabla halijashushwa nilishaona jambo la kwanza: kichwa, pale nyuzi zinapokazwa, ni kidogo. Stratocaster ya Marekani ya mwaka 1974 ina kichwa kikubwa, kile kipana walichoanza kukiweka baada ya Leo Fender kuwauzia CBS, shirika la utangazaji la Marekani, kampuni yake mwaka 1965, na hawakukiacha mpaka mwanzoni mwa miaka ya 80. Liliposhushwa nikaligeuza. Shingo imefungwa kwa skrubu nne. Ya 1974 hufungwa kwa tatu. Hapo wala huhitaji ufundi, ni kuhesabu tu.

"Mzee wangu," nikamwambia mwenye duka kwa heshima zote, "hii mbona ina skrubu nne?"

"Nne ndiyo imara zaidi."

Haya. Nne ndiyo imara zaidi.

Nikaomba kulipiga, na kwa hapo sina neno baya hata moja. Alilichomeka kwenye amplifaya ndogo, nikapatanisha nyuzi, nikaanza taratibu. Shingo imenyooka. Nyuzi ziko chini bila kukwaruza, ukipanda mpaka juu kabisa sauti haiyumbi. Pikapu ya shingo, yaani kinasa sauti kilicho karibu na shingo, ikitoa ule mlio wa duara ambao mpiga solo akiusikia anaanza kutabasamu mwenyewe kama mwendawazimu. Nilisahau skrubu. Nilisahau na kichwa. Angekuwa mtu wa maneno machache, saa hizi gita liko kwangu na yeye anahesabu pesa yangu.

Lakini akafungua mdomo. Mbaraka alilipigia Morogoro, akahama nalo, alipofariki kwa ajali Mombasa mwaka 1979 likabaki kwa ndugu, ndugu akamwuzia mpiga besi mmoja, mpiga besi akaingia wokovu, gita likaja kwake. Picha hakuna. Hati hakuna. Huyo ndugu hana jina, na mpiga besi naye hana jina. Na kila anayezijua bendi zetu za wakati ule anajua kwamba vyombo vingi vilikuwa mali ya bendi, au ya shirika lililoimiliki bendi. Mwanamuziki akihama anaondoka na vidole vyake, vyombo anaviacha. Sisemi Mbaraka hakuwa na gita lake. Nasema ukitaka nikuongezee mamilioni kwa ajili ya vidole vya marehemu, nionyeshe picha moja ambayo mchubuko huu huu unaonekana.

Wakati anasimulia, mimi nilikuwa natazama freti, vile vyuma vilivyokingama shingoni. Zimelika, ndiyo, lakini zimelika tatu za mwanzo tu, chini ya nyuzi nyembamba, mpaka zimeingia vishimo. Kuanzia ya saba kwenda juu chuma bado kimejaa. Aliyelitumia gita hili alikuwa mtu wa kucharaza G, C na D huku chini, kwaya pengine, au shule. Mpiga solo wa dansi anaishi kule juu ya shingo. Hebu fikirieni, Mbaraka Mwinshehe anacharaza G, C, D!

Kisha nikaona kitu kilichonipandisha damu. Nyuma ya shingo, karibu na inapoungana na mwili, kuna namba: herufi E na tarakimu sita. Karibu na namba hiyo vanishi imekwanguliwa kwa wembe, halafu ikapakwa kitu kinachong'aa, nadhani rangi ya kucha ile isiyo na rangi, maana imenasa vumbi na pembeni imeganda matuta. Nililiinamisha gita mwanga wa mlangoni ukapiga ubavuni, na pale chini ya mng'ao kuna mguu mmoja wa herufi umebaki. Namba hakuigusa. Namba wateja wanaipenda.

Fender za Marekani za mwaka 1974 namba yake haina herufi mbele, tena imepigwa kwenye bamba la chuma linaloshikilia shingo. Herufi za kuonyesha muongo zilianza 1976, S ikiwa miaka ya 70, na E miaka ya 80. E hiyohiyo waliitumia pia Fender Japan, kampuni iliyoanza mwaka 1982. Na maneno ambayo Wajapani walikuwa wakiyaweka pale pale alipopitisha wembe wake ni "Made in Japan".

Adhana ya adhuhuri ikasikika, mwenye duka akatoka kwenda msikitini, akasema akirudi tutamalizana. Kijana wake, aliyekuwa kimya muda wote, akasogea. "Mjomba, nikufungulie uone?" Sikumwomba, wallahi. Akalegeza nyuzi, akachukua bisibisi, akatoa skrubu za plastiki nyeupe ya mbele moja moja, akizipanga kwenye kisahani cha chai kwa mpangilio zilivyotoka. Hakuna hata moja aliyoiharibu kichwa. Akaiinua plastiki kidogo kidogo asikate waya. Fundi yule, na hakuna anayemwambia.

Ndani nilikuwa natafuta voliumu, vile vifaa vinavyozungushwa kupandisha na kushusha sauti. Kwenye Fender ya Marekani ya miaka hiyo mara nyingi utakuta za kiwanda cha CTS, nazo zina namba iliyogongwa kwenye chuma: 137 ndiyo CTS wenyewe, zinafuata tarakimu za mwaka na wiki. Ukisoma 1377419 basi voliumu ni ya wiki ya 19 ya mwaka 1974. Haikwambii gita lilikamilika lini. Inakwambia tu kwamba haliwezi kuwa la kabla ya hapo, kama voliumu ni ileile ya kiwandani. Hizi za kwetu zilikuwa ndogo, na 137 haipo popote. Lakini risasi ya kuchomelea ilikuwa imefifia, kijivu kila kiungio, hakuna panapong'aa. Maana yake hakuna aliyewahi kuingiza mkono humo akabadilisha kitu. Pikapu zake, waya zake, swichi yake.

Yaani gita zima halijaguswa! Na ndiyo maana hasira zangu wala si za kuuziwa feki. Feki ningeirudisha ukutani nikaenda zangu. Fender Japan si feki. Za miaka hiyo zilitengenezwa na FujiGen, mji wa Matsumoto, kwa idhini ya Fender wenyewe, ambao walishachoka kuona Wajapani wengine kama Tokai wanaiga Stratocaster za zamani vizuri kuliko walivyokuwa wakizitengeneza wao. Wapo wapigaji wengi, na mimi nimo, ambao ukiwawekea Fender ya Marekani ya mwishoni mwa miaka ya 70 na ya Japani ya miaka ya 80 watachukua ya Japani bila kuuliza bei. Mtu ana kitu halali, kizima, chenye soko lake, anachukua wembe anakikwangua ili kifanane na uongo wake.

Akarudi. "Nani kafungua?"

Kijana akainama. Nikasema ni mimi niliyetaka kuona. Nikamweleza, bado kwa adabu, kwamba hii ni ya Japani, kwamba Fender Japan ilianza 1982, na Mbaraka tulimzika 1979.

Hakusita hata kidogo. "Wewe hujui kama Mbaraka alikwenda Osaka? Ndiko alikolinunua!"

Na kweli alikwenda. Morogoro Jazz walipiga Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo ya mwaka 1970, hilo halina ubishi. Jamani, nusura nimpigie makofi. Sekunde mbili alizohitaji kuhamisha gita kutoka Marekani hadi Osaka, na akapata safari ya kweli ya kulibebea! Lakini nikamuuliza: mwaka 1970 alilinunua vipi kwa kampuni iliyokuja kufunguliwa miaka 12 baadaye? Na ile karatasi ya Marekani 1974 nani kaiandika?

Hapo ndipo uzee ukamtoka. "Bwana mdogo," (mimi nina wajukuu) "bwana mdogo, nyinyi mnajua namba, muziki hamjui. Toka dukani kwangu."

Hilo ningelimeza. Wauzaji wa Kariakoo wameniambia mabaya zaidi. Lakini alimgeukia kijana, mbele ya wateja, akamwita mwizi, akasema leo posho hakuna. Kisha akachota zile skrubu kisahanini akazimwaga kwenye droo yenye betri na plagi kuukuu, akachukua nyingine zozote, akafunga plastiki kwa bisibisi isiyoenea. Ikateleza. Akakaza tena, ikateleza tena, mpaka kichwa cha skrubu kikalika kikawa duara. Skrubu ambazo zimekaa na gita lile tangu Japani, zimeachana nalo kwa sababu mtu mmoja kaulizwa swali.

Basi nyota naifuta. Hata ile ya gita, maana gita limeshaanza kuharibiwa mikononi mwake.

Tuzungumze bei, maana najua mtauliza. Stratocaster halisi ya Marekani ya 1974 kwa milioni sita ni bei ya kutupa, na hiyo peke yake ilitosha kumtia mtu shaka. Hili la Japani, freti tatu zikitaka kubadilishwa, vanishi imekwanguliwa, begi lake halipo, mimi nilishaliwekea milioni mbili kichwani. Angeniambia ukweli na akaniomba kiungwana ningepanda mpaka mbili na nusu siku ileile. Pesa nilikuwa nayo mfukoni. Na jina la Mbaraka lingebaki mahali pake.

Posho ya kijana nimemtumia kwenye simu. Ndiye aliyeniambia kwamba gita bado liko, ila manila imebadilishwa. Sasa imeandikwa FENDER YA JAPANI, ILINUNULIWA OSAKA 1970. Milioni saba.

Sirudi pale. Nimeapa. Ila mwisho wa mwezi nitamtuma mpwa wangu, ambaye mwenye duka hamjui. Nimeshamwelekeza: mbili na nusu mwisho, aombe na zile skrubu za kwenye droo, asitaje Mbaraka wala asitaje namba, na akiulizwa anapiga wapi aseme kwaya. Akifanikiwa nitaongeza nyota mbili.