Nairobi hadi New York: tiketi ipi inafaa pesa yako?

Kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK, uwanja wa New York, ni takriban kilomita 11,800 kwa njia iliyonyooka, lakini tiketi usiichague kwa kilomita. Hesabu saa zote tangu unapopaa Nairobi mpaka unapotua New York, pamoja na za kungoja katikati.

Namba moja naiweka ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways, safari iliyoanza Oktoba 2018. Kwenda ni kama saa 15 na kurudi kama 14, kwa kuwa pepo za juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege inaporejea. Ukipaa saa sita usiku, unatua New York wakati Nairobi ni saa tisa alasiri, ila huko ndiyo kwanza saa moja asubuhi (saa mbili majira yao ya joto). Hii ndiyo tiketi ya mama mzee anayekwenda kumwona mjukuu, na ya mwenye watoto wadogo: hakuna kutafuta geti kwenye uwanja mgeni, wala begi kupotelea njiani. Ikiwa imezidi nyingine kwa kiasi unachokimudu, lipa. Omba kiti cha kando ya njia, uamke na kutembea kila baada ya muda. Kukaa saa zote hizo bila kunyoosha miguu si salama.

Ya pili ni kupitia Amsterdam. Ulaya haiko mbali na njia yenyewe, hivyo kilomita zinapanda hadi kama 12,500 tu, na safari inagawanyika karibu nusu kwa nusu, kila kipande saa nane na ushei. Anayependa kupumzika katikati ataifurahia. London nayo ni vivyo hivyo, ila ulizia mapema masharti ya viza ya kupita kulingana na pasipoti yako.

Doha na Dubai naziweka nafasi ya tatu. Unapanda kaskazini mashariki saa tano, kisha unageuka magharibi kwa saa 14 hivi; jumla inapita kilomita 14,000. Nunua ikiwa bei imeshuka kweli na kungoja hakuzidi saa nne.

Addis Ababa ina kikwazo cha mwinuko. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa abiria na mafuta ya safari nzima hupaa kwa shida. Ndiyo maana safari za kwenda Marekani mara nyingi hutua kwanza mahali pengine kujaza mafuta. Hapo muda unaongezeka.

Tiketi mbili za mashirika tofauti zisizounganishwa, usinunue hata wakala akikusihi. Ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni kwako wala halikungoji, na mizigo utaichukua na kuikabidhi upya mwenyewe.

Kabla ya kulipa, soma tarehe pole pole. Jumanne 00:30 ni usiku wa kuamkia Jumanne: uwe uwanjani Jumatatu saa tatu na nusu usiku. Ukienda Jumanne usiku, ndege yako itakuwa imeshatua New York kitambo.