Uzoefu wangu: karakana ya pamoja ya ufinyanzi hapa Dar

Kama unataka kujifunza gurudumu la mfinyanzi, ile sahani inayozunguka ya kuumbia vyombo vya udongo, na unaishi Dar, usinunue kifaa chochote kwanza. Tafuta karakana ya pamoja. Mimi nimejiunga na moja upande wa Mikocheni, na sababu kubwa ya kuipendekeza ni tanuri la kuchomea vyombo. Gurudumu la umeme mtu anaweza kuliagiza akaliweka barazani kwake. Tanuri ni habari nyingine: linakula umeme, linataka banda lake na mtu anayelijua vizuri. Na chombo ambacho hakijachomwa, hata kiwe kizuri vipi, ukikiloweka kinarudi tope.

Malipo yako hivi: ada ya mwezi inakupa zamu za gurudumu, sehemu yako kwenye rafu, na vifaa vya kutumia ukiwa pale. Udongo unanunua kwa kilo, uchomaji unalipia kwa ukubwa wa chombo. Si rahisi kwa mtu wa kipato cha kawaida, lakini naona ni haki.

Mwanzo hawakukalishi kwenye gurudumu. Unakanda udongo mezani, unausukuma na kuukunja, hadi ukiukata kwa waya usione kitundu cha hewa ndani. Baada ya hapo ndipo unapewa bonge lisilofika kilo moja na kuambiwa uliweke katikati ya gurudumu, lizunguke bila kuyumba. Hapo ndipo kila mgeni anapokwama. Kiwiko unakiegemeza kwenye paja, kiganja cha kushoto kinabana ubavuni, cha kulia kinakandamiza kwa juu, na gurudumu linakwenda kasi. Dada anayetufundisha haongei sana. Anakuja, anaweka mkono wake juu ya wako, unausikia ule uzito unaotakiwa, kisha anautoa polepole na wewe unaendelea. Bonge likishakaa sawa unajua hata ukifumba macho, maana mkono unaacha kurushwarushwa. Raha ya dakika ile siwezi kuieleza ikatosha.

Kupandisha kuta kuna adabu yake pia, hasa ya maji. Ukimwaga mengi ili vidole viteleze, kuta zinalegea na chombo kinakaa chini.

Hali ya hewa ya jiji letu nayo ni mwalimu. Wakati wa masika bakuli linaweza kukaa rafuni siku nyingi bila kukauka. Ukiliweka karibu na feni, mdomo unakauka kabla ya kitako na ufa unaanza. Kwa hiyo tunafunika kwa nailoni, tunafunua kidogo kidogo. Kitako kinakwanguliwa udongo ukiwa umekaza lakini ukucha bado unaacha alama. Udongo uwahi ungali maji, walisema wazee, na asiyefika siku hiyo anakuta chombo kimekuwa kikavu mno. Kama kazi yako haikupi nafasi ya kupita katikati ya wiki, liangalie hilo kabla hujalipa.

Mchomo wa kwanza unafika karibu nyuzi joto 1,000 za Selsiasi, na mlolongo wake ni wa taratibu. Kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga zilizomo kwenye udongo hutanuka ghafla, na tanuri likipita hapo kwa pupa vyombo vinapasuka. Kisha unapaka glezi, ule uji unaogeuka ngozi ya kioo motoni, na kuchoma tena. Ujue pia kwamba udongo hunywea kuanzia unapokauka hadi unapotoka motoni, yapata sehemu moja ya kumi, kwa hiyo kikombe cha chai ukifinyange kikubwa kuliko unavyokitaka.

Malalamiko ninayo. Jumamosi magurudumu hayatoshi, na kusubiri ni kwingi. Ratiba ya uchomaji inabadilishwa bila taarifa. Umeme ukikatika tanuri likiwa linapanda, mchomo wote unasogezwa mbele, na watu walioahidi zawadi za harusi wanabaki wanahangaika. Jenereta iliyopo haibebi tanuri. Wangetuambia hayo siku ya kujiandikisha.

Kilichonifanya niendelee kulipa ni mama mmoja mwenyeji wa Kyela, ambaye sote tunamwita bibi. Yeye gurudumu hagusi kabisa. Anafinyanga kwa mkono kama wanawake wa Kikisi wa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa sokoni Lyulilo, jirani na Matema. Anakalisha udongo juu ya kigae, anakizungusha kwa mkono mmoja huku mwingine ukivuta ukuta juu, kisha analainisha mdomo kwa jani. Ukuta wake unatoka mwembamba na sawasawa pande zote. Nilimwamkia, nikamwomba anionyeshe, akasema, “Marahaba mwanangu, kaa hapa, kwanza tazama.” Tangu hapo zamu yangu ya gurudumu ikiisha nahamia mkekani kwake. Karakana haimtozi ada, na kwa maoni yangu wanapaswa kumlipa kama mwalimu.

Ukienda, kata kucha, vaa nguo usiyoihurumia, na omba kuliona tanuri kabla ya kutoa hela.