SmokePing kwa ofisi inayotegemea simu za intaneti: inafaa?

Karibuni, watazamaji wangu. Leo tunaichambua SmokePing, programu ya bure inayopima mtandao usiku na mchana. Naipima kwa ofisi inayowapigia wateja kwa intaneti na kufanya mikutano kwa video.

Sauti ikianza kukatikakatika, wengi hupima spidi, kisha wananunua kifurushi kikubwa zaidi. Jambo hili linaniuma, maana mara nyingi hela inakwenda na tatizo linabaki. Simu moja ya kodeki ya G.711 (njia ya kugeuza sauti kuwa data) inatumia kama kilobiti 87 tu kwa sekunde kila upande, kwa hiyo simu kumi hazifikishi hata megabiti moja. Simu inaharibika pale pakiti, yaani vipande vidogo vya data vinavyobeba sauti, zinapopotea, zinapochelewa, au zinapofika kwa vipindi visivyo sawa. Na kipimo cha spidi cha asubuhi hakikuelezi kilichotokea saa tisa alasiri, bosi alipokuwa kwenye mkutano.

Hapo ndipo SmokePing inapong'ara. Aliyeianzisha ni Tobias Oetiker, yule yule aliyetengeneza MRTG na RRDtool, programu za kufuatilia mtandao na kuhifadhi vipimo vyake. Kila baada ya dakika 5 inatuma pingi 20 (ujumbe mfupi unaosubiri jibu) kwa kila anwani uliyoipa, halafu inachora grafu. Mstari wa kijani maana yake hakuna pingi iliyopotea. Zikipotea, rangi inabadilika, na hali ikiwa mbaya kabisa inakuwa nyekundu. Ule moshi wa kijivu kuzunguka mstari ndio wa kuuangalia sana: ukitanuka, pingi zingine zinawahi na zingine zinachelewa, na hapo sauti inaweza kukwaruza. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inapendekeza ucheleweshaji usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Kumbuka SmokePing inapima kwenda na kurudi, kwa hiyo usiogope ukiona 180.

Sasa sikilizeni hapa, maana wengi hapa ndipo wanapoiharibu. Usiipe anwani moja. Ipe ruta ya ofisini, ipe geti (kituo cha kwanza) la mtoa huduma wako, ipe seva iliyopo ndani ya nchi, halafu ipe seva ya nje, tuseme Ulaya. Moshi ukianzia kwenye ruta yenyewe, tatizo liko ndani ya ofisi, kwenye kebo au ruta yako, na kumpigia mtoa huduma ni kupoteza muda. Ruta ikiwa safi lakini geti linafuka moshi saa zile zile ambazo kompyuta za ofisi zinapandisha bakapu, laini yako imejaa foleni. Hapo suluhisho ni ruta yenye kupanga foleni, kama yenye OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta) na CAKE (njia yake ya kupanga foleni). Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Afrika Mashariki nzima iliona maana ya kutenganisha seva ya ndani ya nchi na ya nje: tatizo la aina hiyo hata ubadilishe ruta mara ngapi, halitoki.

Angalizo: ruta za njiani huwa hazitilii maanani kujibu pingi. Ukiona kituo cha kati kinapoteza pingi lakini vya mbele yake ni safi, kiache, hakina kosa.

Mapungufu yapo, tena si madogo. Sura yake ni ya kizamani, na mipangilio yote unaiandika kwenye faili za maandishi; asiyezoea Linux atahitaji fundi. Pia pingi si simu. Pakiti za sauti zinaweza kupewa kipaumbele tofauti, hivyo kwa simu za mezani za intaneti uchunguzi wa mwisho ufanye kwa Wireshark, programu ya kuchunguza pakiti, kwenye menyu ya Telephony, sehemu ya RTP (itifaki inayobeba sauti), inayokuonyesha pakiti zilizopotea katika simu halisi. Na dakika 5 ni nyingi mno: mtandao ukianguka kwa sekunde 40 katikati, grafu haitaona kitu.

Hilo la mwisho linarekebishika. Kwenye Debian au Ubuntu fungua faili la Database, badilisha step (sekunde kati ya kipimo na kipimo) kutoka 300 iwe 60. Lifanye siku ya kwanza kabla hujaanza kukusanya vipimo, kwa sababu ukilibadilisha baadaye itabidi ufute mafaili ya zamani, na historia yako yote itakwenda nayo.

Kwangu mimi, ofisi yenye kikompyuta cha zamani au Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu) iliyokaa bure haina sababu ya kukosa programu hii. Iunganishe kwa kebo tu, isipite kwenye Wi-Fi, la sivyo moshi wa Wi-Fi utachafua kila grafu.