Buli la udongo mwekundu na chai ya Usambara

Miezi minne iliyopita nilinunua buli la rangi ya kahawia kwa muuza vyombo vya mtumba karibu na Soko la Mgandini, hapa Tanga, kwa shilingi 15,000. Ni la aina ambayo Waingereza huiita Brown Betty: tumbo la mviringo kama balungi kubwa, mdomo mfupi, kifuniko chenye kirungu, na ujazo wa vikombe vinne. Nimelitumia asubuhi na alasiri tangu siku hiyo, na sufuria niliyozoea kuchemshia chai sasa inachemsha maziwa peke yake.

Udongo wake ndio uliolipa sifa. Ni udongo mwekundu wa Staffordshire, jimbo la Uingereza, ambako mwishoni mwa karne ya 17 ndugu wawili wafinyanzi waliotoka Uholanzi, wa ukoo wa Elers, waliufinyanga kuwa mabuli ya kuiga yale ya China. Wakati huo chai ilikuwa kitu cha mabwana. Catherine wa Braganza, binti mfalme wa Ureno aliyeolewa na Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza mwaka 1662, ndiye aliyeifanya ipendwe katika jumba la kifalme, na majani yake yalikuwa ghali kiasi kwamba wenye nyumba waliyafungia kwa kufuli katika kijisanduku, huku mabuli yakifinyangwa madogo ili yasile majani mengi. Ushuru ulifika asilimia 119, wafanyamagendo wakaneemeka, mpaka mwaka 1784 serikali ilipoushusha kuwa asilimia 12.5. Baada ya hapo chai ikaingia kwa watu wa kawaida, na buli nene la bei nafuu kama hili likapata wenyewe.

Chai hiyo ilinywewa na sukari, na sukari ilitoka katika visiwa vya Karibi, katika mashamba yaliyolimwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Sisi wa Tanga hatuwezi kulipita jambo hilo kama habari ya mbali, kwa sababu mashamba ya miwa ya Pangani katika karne ya 19 nayo yalilimwa na watumwa. Ninapochota kijiko cha sukari huwa nalikumbuka.

Sasa matumizi yenyewe. Waingereza hawaichemshi chai pamoja na maziwa. Hulisuuza buli kwa maji ya moto ili lipate joto, hutia kijiko kimoja cha majani kwa kila mnywaji na kimoja cha ziada kwa ajili ya buli, humimina maji yanayotokota, kisha huacha chai ikolee kwa dakika tatu au nne. Kile kijiko cha ziada si jambo dogo kwao, kwani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kuanzia mwaka 1940, kila mtu mzima aligawiwa takriban gramu 57 tu za majani kwa wiki, na mgao huo haukuondolewa hadi mwaka 1952.

Mimi hutia majani ya Usambara Mashariki, yanayotoka milima ileile ya Amani ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Kwa miaka mingi niliyachemsha na maziwa na tangawizi mpaka yakabaki rangi tu. Ndani ya buli hili yamenionyesha jambo jingine: chai hutoka nyekundu ya shaba, ina ukali mwepesi unaokamata pembeni mwa ulimi, na harufu ya jani bichi ambayo sufuria ilikuwa ikiimaliza yote. Nimesikitika kwamba nimeijua chai ya mkoa wangu nikiwa mtu mzima.

Joto linakaa vizuri. Waingereza hulivisha buli kofia ya sufu. Mimi hulifunika kwa kipande cha kanga kilichokunjwa mara nne, na baada ya nusu saa kikombe cha pili bado kinafuka mvuke. Shangazi yangu aliponitembelea alasiri moja, nikamwandalia na vitumbua, alionja na kuniuliza, "Mwanangu, iliki iko wapi?" Nikamtilia punje tatu humo humo, akanywa vikombe viwili. Harufu ya iliki ilitoka siku hiyohiyo kwa maji ya moto, maana rangi ya kung'aa iliyochomwa ndani hairuhusu udongo kunyonya kitu.

Kasoro zipo, na zinaudhi. Mdomo unachuruzika: ukiinua buli polepole, matone mawili au matatu hushuka chini ya shingo na kutia doa kwenye kitambaa cha meza. Dawa ni kumimina kwa mkono mmoja wenye uhakika na kukata ghafla. Tena, vitundu vilivyo nyuma ya mdomo vilitobolewa kwa ajili ya majani marefu, ilhali chai ya pakiti tunayouziwa madukani ni punje ndogo zilizosagwa, kwa hiyo chujio la mkononi ni lazima. Muuzaji aliniapia kuwa chombo ni kizima. Nilipofika nyumbani nikakuta ukingo wa ndani wa kifuniko umemeguka.

Kwa bei hiyo ningelinunua tena bila kusita, ila safari hii ningeomba maji. Lijaze buli pale pale mezani kwa muuzaji, likalishe juu ya gazeti kwa dakika kumi, kisha linyanyue uangalie kama karatasi imelowa. Halafu ligonge kwa ukucha: lililo zima hulia kama kengele ndogo, lenye ufa hutoa mlio mfu.