Uzi wa lastiki wa kufungia chambo: uzoefu wangu Kigoma

Anayevua kwa mshipi wa mkono kwenye mawe ya Bangwe au Katonga anaijua hii kero: dagaa mbichi anashuka na ndoano, visamaki vya mawe vinamdonoa njiani, na kufika chini ndoano ni tupu. Kuhe au sangara aliyeko pale hana cha kula. Uzi wa lastiki wa kufungia chambo umetengenezwa kwa tatizo hilo. Nimeutumia kwa dagaa, minofu ya mgebuka, maini ya kuku na minyoo, na kauli yangu ni kwamba unafanya kazi vizuri, ila tu kwa chambo kilichoandaliwa. Dagaa aliyekwisha kulainika tumbo hata umzungushie rili zima atatoka vipande vipande.

Wenyewe ni uzi wa mpira mwembamba karibu kama unywele, mweupe au usio na rangi, kwenye rili ndogo. Haufungwi fundo. Unauvuta kidogo, unauzungusha, mzunguko wa juu unabana wa chini, na ukimaliza unauvuta kwa nguvu mpaka ukatike. Ncha inajishika yenyewe. Hapo ndipo unapoushinda uzi wa cherehani. Kupiga fundo kwenye mtumbwi unaoyumba, vidole vina ute wa samaki, ni kazi ya kukatisha tamaa. Isitoshe, chambo kikiishiwa majimaji kinanywea. Uzi wa kawaida unalegea, lastiki inakifuata.

Wapo wanaonunua lastiki ya mafundi cherehani, ile ya kukunjia magauni ya watoto. Ni mpira uliovikwa nyuzi, mnene, na unadai fundo. Kwa bonge la nyama la kutegea samaki aina ya singa usiku inafaa na bei yake ni nafuu. Kwa dagaa ni mzigo: inaficha chambo na kukifanya kining'inie vibaya.

Sasa chambo chenyewe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mzigo mpya unapatikana mwaloni Kibirizi asubuhi. Chukua walio na macho maangavu na tumbo lisilopasuka. Tumbo ndilo linaloanza kuharibika, kwa sababu vimeng'enya vya utumbo vinaendelea kuyeyusha nyama hata samaki akishakufa, na jua linaharakisha. Usiwaoshe kwa maji ya bomba wala kuwaloweka. Wapange kwenye ndoo yenye matundu chini, safu ya dagaa na safu ya chumvi, kama gramu 250 hadi 300 kwa kilo moja ya dagaa. Mimi natumia chumvi ya Uvinza yenye chembe kubwa. Chumvi laini inakausha nje haraka kabla ya ndani kutoa maji. Baada ya muda wa saa nne hadi sita dagaa anakuwa mkakamavu kama mpira lakini bado ana mafuta na harufu yake. Ukimwacha mpaka kesho yake anakuwa mkavu, anakaa kwenye ndoano bila uzi wowote, lakini samaki wanamchangamkia kidogo sana.

Akiba hii ina maana zaidi wakati wa mbalamwezi. Vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa kwa taa, vikipumzika hakuna dagaa mpya, na walioanikwa hawafai kabisa, wanavunjika ukiwachoma. Mwenye friji atie chumvi kwanza ndipo agandishe. Barafu inayojiunda ndani ya nyama inapasua chembe zake, ndiyo maana dagaa aliyegandishwa bila chumvi akiyeyuka anakuwa uji.

Kufunga, nitakwenda polepole kwa sababu hapa ndipo wengi wanapolaumu uzi bure.

Futa ndoano na dagaa kwa kitambaa kikavu. Ute ukibaki, mizunguko inateleza yote na kukusanyika mkiani. Ingiza ncha ya ndoano kwenye tundu la jicho la dagaa itokee jicho la pili, kwa kuwa kichwa ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Mgeuze, kisha ichome ubavuni, chini kidogo ya uti wa mgongo, ncha itokeze nje yote pamoja na kale kamwiba ka nyuma yake. Shina la ndoano lilale sambamba na mgongo. Ndoano ndogo ndiyo inayofaa hapa. Kwenye namba za kawaida za paketi, namba ikiwa kubwa ndoano ni ndogo, usije ukachanganya dukani.

Anzia chini ya jicho la ndoano. Shika ncha ya lastiki kwa kidole gumba juu ya shina, zungusha mara mbili tatu papo hapo iwe nanga, halafu shuka kuelekea mkiani ukiacha nafasi ya milimita tatu au nne kati ya mzunguko na mzunguko. Ukifika pale ndoano inapoanza kupinda, rudi juu ukikatisha ile mizunguko ya kwanza. Kwa dagaa wa urefu wa kidole, mizunguko kumi hadi kumi na miwili kwa jumla inatosha. Vuta, kata. Mkia uache huru uchezecheze.

Nguvu ya kuvuta ndiyo inayohitaji mkono kuzoea. Lastiki ikivutwa mno inapita kwenye nyama kama waya kwenye sabuni, na utaona ngozi imechanika katikati ya dagaa kabla hata hujamtosa. Inatakiwa ikandamize ngozi bila kuzama. Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani: kuzungusha mpaka kwenye ncha, au kujaza nyama na uzi katika ule uwazi wa kati ya ncha na shina. Samaki anavuta, unahisi uzito, unakwatua, na ndoano inamtoka mdomoni kwa sababu ncha haikupata pa kuchoma.

Mnofu wa mgebuka ni rahisi kuliko dagaa. Kata kipande cha sentimita sita kwa moja na nusu, acha ngozi. Ndoano ipite kwenye ngozi mara mbili, kisha mizunguko sita tu sehemu ya juu. Hapa, kusema kweli, ngozi ndiyo inayofanya kazi kubwa na uzi ni msaidizi.

Maini ya kuku ndiko uzi huu unakolipa gharama yake yote. Bila kufungwa, ini halivumilii hata mtupo mmoja. Kata kipande cha ukubwa wa kokwa la embe dogo, kikunje juu ya shina, zungusha mara kumi na tano au zaidi kila upande mpaka kiwe kifurushi. Damu inaendelea kuvuja kati ya nyuzi, na kambale wanaifuata.

Minyoo mizunguko minne, au usiifunge kabisa. Ugali na kinyunga cha unga usijaribu, lastiki inavikata tu. Kwa hivyo viwili kandia nyuzi za pamba ndani ya donge, zitalishikilia. Na kwa dagaa hai chini ya taa, unapomtafuta mgebuka, huu uzi uache nyumbani: mgebuka huvamia na kumeza, na dagaa aliyefungwa haogelei.

Kasoro zake zipo. Gizani hauonekani, ukipoteza ncha kwenye rili utaitafuta kwa kurunzi na meno. Dawa yake ni kuweka rili ndani ya kopo la vidonge, toboa kifuniko, pitisha ncha kwenye tundu. Kopo hilo pia linaukinga na jua, ambalo ni adui wake mkubwa. Ukiachwa juani kwenye mtumbwi unakuwa mkavu na kukatika kila ukigusa. Petroli na mafuta ya injini navyo vinaula mpira, kwa hiyo usiuhifadhi kwenye boksi moja na vifaa vya mashine. Masalia kwenye ndoano yakate kwa wembe, usiyavute, na yatie kwenye chupa badala ya kuyatupa ziwani.

Bei yake ni kubwa ukilinganisha na uzi wa cherehani, lakini rili moja linakwenda muda mrefu maana kila chambo kinakula kipande kifupi kabla ya kuvutwa. Kabla hujalipa, omba uvute kipande. Mzima unanyooka mara tano ya urefu wake au zaidi na kurudi ulivyokuwa. Ukikatika mapema, au ukiacha unga mweupe kwenye vidole na rangi yake imegeuka njano, umezeeka dukani. Duka moja la zana hapa mjini liliniuzia rili la namna hiyo na halikukubali kulirudisha. Kwenye kasha nililonalo sasa hakuna tarehe wala jina la kiwanda, kwa hiyo kuvuta ndicho kipimo pekee kilichopo.